Uchungu wa Wasiosema

Wahenga walisema kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu, bali kwa mwanadamu ni mchungu. Methali hii hutumika kumsuta mtu awatendeaye wenziwe jambo ambalo yeye mwenyewe asingelivumilia. Lakini je, msomaji, umepata kuitazama kwa upande wa nguruwe? Wahenga hawakusema kwamba nguruwe haumii. Walisema kwamba aushikaye mkuki hauonji uchungu wake. Kati ya mambo hayo mawili pana tofauti kubwa, na historia nitakayokusimulia hapa ni historia ya tofauti hiyo.

Tuanze karibu. Mtaa wa Tena uko upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, jirani na Umoja na Donholm, si mbali na barabara ya Outer Ring. Ukipita katika njia zake utaona kwamba watu hawaishi peke yao. Mbwa hulinda malango usiku. Paka hulala juu ya kuta mchana. Mifereji ikikauka, punda huvuta mikokoteni yenye mitungi ya maji, na mbuzi huokota riziki yao kando ya vibanda vya mboga. Kila mmoja wa hawa aweza siku moja kulazwa chini ya kisu: mbwa jike afungwe uzazi, paka dume ahasiwe, punda ashonwe jeraha alilopata barabarani, mbuzi apasuliwe atolewe mtoto aliyekwama. Mwanadamu akiwa mgonjwa huulizwa na daktari, "Waumwa wapi?" naye hujibu. Punda haulizwi, na hata akiulizwa hana jibu la maneno. Kwa muda mrefu sana watu walichukua ukosefu wa maneno kuwa ni ukosefu wa maumivu.

Kabla ya kuendelea, yafaa tutenge mambo matatu ambayo huchanganywa. La kwanza ni kumzuia mnyama asiondoke wala asimdhuru mtu. Hiyo ni kazi ya kamba. La pili ni kumlaza asijue litendekalo. Hiyo ni kazi ya dawa ya usingizi, ambayo wazee wetu waliiita nusukaputi. La tatu ni kumwondolea maumivu kabla ya kupasuliwa, wakati wa kupasuliwa na baada yake. Mnyama aliyefungwa kamba huumia. Mnyama aliyelazwa hajui kitu kwa saa hiyo, lakini ataamka, na akiamka atalikuta jeraha lake likimngoja. Wanadamu walilijua jambo la kwanza tangu kale. La pili walilipata katika karne ya 19. La tatu wamelielewa vema katika miaka ya karibuni tu.

Usidhani kwamba watu wa kale hawakuwa na huruma. Katika mwaka 1879 Mwingereza mmoja aitwaye Robert Felkin, mmishenari aliyekuwa amesomea udaktari, alifika Kahura katika nchi ya Bunyoro, ambayo leo ni sehemu ya Uganda. Huko alishuhudia mwanamke akipasuliwa tumbo ili mtoto wake atolewe. Mganga alikuwa amemnywesha mvinyo wa ndizi hata akalewa nusu. Kwa mvinyo uo huo aliosha mikono yake mwenyewe na tumbo la mgonjwa. Baada ya kupasua, aliizuia damu kwa chuma cha moto, akaibana midomo ya jeraha kwa misumari myembamba ya chuma iliyofungwa kwa uzi wa gome la mti. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona. Felkin aliyaandika hayo katika jarida la udaktari la Edinburgh mwaka 1884, na wasomaji wa Ulaya wakastaajabu. Sisi na tuliangalie neno moja tu katika habari hiyo: mganga yule alianza na maumivu kabla hajashika kisu.

Mnyama, kwa kawaida, hakupewa hata hicho kikombe cha mvinyo. Alipewa kamba na mikono ya vijana wenye nguvu. Hali haikuwa hivyo Afrika peke yake. Chuo cha madaktari wa wanyama cha London kilifunguliwa mwaka 1791, lakini kwa miaka mingi baada ya hapo farasi aliyepasuliwa aliangushwa chini kwa kamba, akafungwa miguu yote minne, na mdomo wake wa juu ukasokotwa kwa kitanzi ili atulie. Sifa ya mpasuaji ilikuwa wepesi wa mkono. Aliyemaliza upesi alihesabiwa kuwa mwema, kwa sababu wema mwingine wa kumtendea mnyama haukujulikana.

Tarehe 16 Oktoba 1846 jambo jipya lilitokea katika mji wa Boston, Marekani. William Morton, daktari wa meno, alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, naye akakatwa uvimbe wa shingoni bila kupiga ukelele. Habari zilivuka bahari upesi. Mwaka uliofuata, 1847, Edward Mayhew wa London aliwajaribu mbwa na paka kwa etha ile ile. Hakuridhika. Wanyama wale walitoa sauti na kujitupa, na yeye hakuweza kusema kwa yakini kama waliumia au hawakuumia. Mwezi Novemba wa mwaka uo huo James Young Simpson wa Edinburgh aliitangaza klorofomu, na akina mama wazazi wakaanza kupata nafuu.

Hapa pana jambo la kusikitisha ambalo nataka ulione. Wanyama hawakukosekana katika uvumbuzi wa dawa hizo. Mwaka 1847 Pierre Flourens wa Ufaransa aliijaribu klorofomu kwa wanyama kabla Simpson hajaitangaza. Mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna alipogundua kwamba kokeini hulitia jicho ganzi, alilijaribu jambo hilo katika macho ya chura, ya sungura na ya mbwa kabla ya kuwapasua wagonjwa wake. Mnyama alitumiwa kuijaribu dawa, na dawa ilipofaa akasahauliwa. Alilipa bei, bidhaa akapewa mwingine.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Sababu zilikuwa tatu. Ya kwanza ni hofu, kwa maana klorofomu iliweza kuusimamisha moyo, na mwenye farasi wa thamani aliona heri farasi apige mateke kuliko afe. Ya pili ni gharama, kwani nani atanunua dawa ya kumpa nguruwe atakayeuzwa mwakani? Ya tatu ni imani. Katika karne ya 17 mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alifundisha kwamba mnyama ni kama mtambo, na wafuasi wake walisema kwamba kilio chake ni kama mlio wa saa. Mkulima aliyeishi na ng'ombe wake hakuyaamini hayo kwa moyo wote, lakini yalimpa mahali pa kujificha dhamiri yake iliposumbuka.

Aliyefanya kazi kubwa ya kuigeuza desturi hiyo katika Uingereza ni Frederick Hobday, mwalimu katika chuo kile cha London. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 aliwalaza wanyama wengi sana kwa klorofomu na kuwatia ganzi kwa kokeini, akaonyesha kwamba wengi wao huamka salama dawa ikitolewa kwa uangalifu. Mwaka 1915 alitoa kitabu juu ya jambo hilo. Mwaka 1919 Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba farasi, mbwa, paka na ng'ombe wasifanyiwe baadhi ya upasuaji pasipo dawa ya kuondoa maumivu. Tokea siku ile ya Boston ilikuwa imepita miaka 73.

Lakini yako mafunzo mengine yaliyokuwa ya lazima, na moja lilitoka katika sumu ya mishale. Watu wa misitu ya Amerika ya Kusini hupaka mishale yao sumu iitwayo kurari. Katikati ya karne ya 19 Claude Bernard wa Ufaransa alionyesha jinsi sumu hiyo ifanyavyo kazi. Hulegeza misuli yote, mnyama asiweze kuinua hata ukope, lakini haiugusi uwezo wake wa kusikia maumivu. Fikiri, msomaji, maana ya jambo hilo. Mnyama alale kimya juu ya meza, asitikisike, asilie, huku akiyasikia yote. Wabunge wa Uingereza walipotunga sheria ya majaribio ya wanyama mwaka 1876 waliandika waziwazi kwamba kurari isihesabiwe kuwa dawa ya kuondoa maumivu. Walikuwa wametambua kwamba kimya si ushahidi.

Sasa turudi kwetu. Udaktari wa mifugo ulipoingia Afrika ya Mashariki ulikuta msiba. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulifagia mifugo ya nchi hizi, na makabila ya wafugaji yakaingia katika njaa. Kwa hiyo maabara ya Kabete, magharibi ya Nairobi, na baadaye ile ya Muguga, zilijitoa kupigana na tauni za mifugo. Kazi yao ilikuwa tukufu. Muguga ndiko Walter Plowright na wenzake walikotengeneza chanjo ya sotoka karibu na mwaka 1960, na mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imetoweka kabisa. Lakini ushindi huo ulikuwa na kivuli chake. Madaktari walikuwa wachache na ng'ombe walikuwa wengi. Jicho lililofundishwa kuliona kundi zima halikupata nafasi ya kumtazama mnyama mmoja akisaga meno yake.

Chukua mfano wa kuhasi. Mapema katika karne ya 20 Mwitalia Napoleone Burdizzo alitengeneza koleo linaloponda mishipa ya mapumbu ya ndama bila kuikata ngozi. Koleo hilo lilienea sana katika nchi zetu, nalo lilikuwa na faida ya kweli, kwa sababu pasipo jeraha nzi hawana pa kutagia wala vidonda havifanyiki. Basi watu wakasema, "Hakuna damu, kwa hiyo hakuna maumivu." Neno hilo halikuwa kweli. Ndama aliyepondwa huumia saa ile na siku zifuatazo, na sindano ya ganzi itolewayo kabla humpunguzia sana. Kama vile kimya kilivyowadanganya watu katika kurari, ukosefu wa damu uliwadanganya katika koleo.

Hata hivyo watetezi hawakukosekana. Chama cha kuwalinda wanyama, ambacho leo chajulikana kwa herufi KSPCA, kilianzishwa mwaka 1910. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa mifugo yaliwekwa Kabete, chini ya chuo kikuu kilichokuwa kikikua Nairobi, mwaka 1962. Mwaka 1963 ilianza kutumika sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Na katika miaka hiyo hiyo Toni Harthoorn, aliyefundisha Makerere na kisha Nairobi, alikuwa akitafuta njia njema ya kuwalaza vifaru na wanyama wengine wa mwituni kwa sindano irushwayo kutoka mbali. Baadhi ya dawa zilizotumika kwanza katika kazi hiyo zilikuwa za kulegeza misuli tu, ndugu za kurari. Harthoorn na wenzake walizibadili kwa etofini, dawa ya jamii ya afyuni ambayo humlaza kifaru kwa matone machache, tena humwondolea maumivu, na ambayo nguvu yake yaweza kukatwa kwa dawa nyingine mnyama akainuka. Kwa njia hiyo kifaru mkali wa porini akapata kutendewa kwa hadhari ambayo punda wa mjini alikuwa hajaipata.

Yote hayo, msomaji, yalihusu saa ya kisu. Siku ya pili bado ilisahauliwa. Hata kufika miaka ya 1980, madaktari wengi wa wanyama duniani walifundishwa kwamba mbwa akiisha kuamka, kazi imekwisha. Wengine walisema kwamba maumivu yana faida, kwa kuwa humfanya mgonjwa atulie na mshono usikatike. Hoja hiyo ina sura ya busara, lakini ndani yake ni tupu. Mnyama aumwaye hali, hanywi, halali usingizi, na mwili usiokula hauponi upesi. Tena hulilamba na kulitafuna jeraha limsumbualo, akaukata mshono ule ule uliodaiwa kulindwa na maumivu.

Mwaka 1983 mwanasayansi Clifford Woolf alitoa habari iliyoanza kulieleza fumbo hili. Alionyesha kwamba mwili ukiumizwa, mishipa ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo hubadilika, ikawa myepesi kushtuka kuliko ilivyokuwa. Nitakupa mfano wa mtaani. Mlinzi wa usiku aliyevamiwa jana, leo hupiga kamsa hata kwa kishindo cha paka. Ndivyo uwavyo uti wa mgongo uliopokea habari za kisu bila kinga: mguso mwepesi tu huhesabiwa kuwa pigo. Mnyama aliyelazwa kwa usingizi hajui, lakini uti wake wa mgongo wajua, na kesho utasema. Mwaka 1988 Patrick Wall aliandika kwamba, kwa hiyo, maumivu yazuiwe kabla hayajaanza, kuliko kungojwa yaje ndipo yafukuzwe. Mpasuaji Mmarekani George Crile alikuwa ameisema fikira hiyo mapema katika karne ya 20, lakini wakati wake wengi hawakumsikiliza. Sisi Waswahili tunayo kwa maneno machache: kinga ni bora kuliko tiba.

Siku hizi, basi, daktari mwema huyagawa maumivu katika nyakati tatu. Kabla ya kisu kuigusa ngozi humpa mnyama dawa ya kumtuliza pamoja na dawa ya maumivu, ili uti wa mgongo usishtuliwe. Wakati wa kupasua humlaza usingizi na, inapowezekana, hutia ganzi mahali panapokatwa. Baada ya kupasua humwandikia dawa za siku kadhaa, kama vile meloksikamu, kwa kipimo cha uzito wake. Mwaka 2014 chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo kilitoa mwongozo juu ya mambo hayo, nao ukatengenezwa upya mwaka 2022. Wataalamu wamefika hata kutunga vipimo vya kuusoma uso wa paka, wa farasi na wa punda, kama vile wewe uusomavyo uso wa rafiki yako asiyetaka kusema kwamba amefiwa.

Lakini daktari haishi nyumbani kwenu. Ukimchukua mbwa wako kutoka Tena, ukalivuka jiji zima hata zahanati ya chuo kikuu iliyoko Kabete, au ukamwita daktari aliyesajiliwa aje mtaani, yeye atafanya lake kisha atakwenda zake. Usiku ule mlinzi wa maumivu ni wewe. Kwa hiyo jifunze kusoma. Mbwa aumwaye hujikunyata, hutetemeka, hukataa chakula, na hugeuka akiutazama ubavu wake mara kwa mara. Paka hujificha mahali pa giza, hufinya macho, na huacha kujisafisha manyoya. Mbuzi husaga meno. Punda ndiye mgumu kuliko wote, kwa maana huficha. Wazee wake wa nyikani walioonyesha udhaifu waliliwa na simba. Punda akisimama peke yake, kichwa kimeinama, masikio yamelegea, chakula hakitaki, usiseme kwamba amechoka tu. Huenda huo ndio ukelele wake.

Tena nakuonya juu ya huruma isiyo na elimu. Watu wengi, wakimwona paka akiumwa, humpa kidonge cha Panadol kilichobaki nyumbani. Msomaji, usifanye hivyo kamwe. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama liwezavyo ini la mwanadamu. Sumu yake huiharibu damu yake, na kidonge kimoja tu chaweza kumwua. Mbwa naye aweza kudhurika vibaya kwa vidonge vya ibuprofeni. Vivyo hivyo, akija mlangoni mtu asiye na cheti, akasema kwamba atamhasi mbwa wako kwa bei nafuu, muulize kwanza atampa dawa gani ya maumivu kabla na baada. Akicheka, umekwisha kujibiwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 yataka kazi za udaktari wa mifugo zifanywe na waliosajiliwa, na kicheko chake ndiyo sababu moja ya sheria hiyo kuwapo.

Wako watakaosema kwamba katika mji ambamo watu wenyewe hukosa dawa, ni anasa kumnunulia punda. Neno hilo lina uzito na halifai kudharauliwa. Lakini fikiri. Punda aliyeshonwa na kuangaliwa vema hurudi kwenye mkokoteni mapema, na mwenye mkokoteni hulisha watoto wake. Zaidi ya hayo, huruma haikai ndani ya mtungi, ukimpa huyu ikampungukia yule. Huruma ni zoezi. Aliyezoea kuusoma uso wa asiyesema atausoma pia uso wa mtoto mchanga, wa mzee aliyepooza na wa mgonjwa aliyezimia, ambao wote hawawezi kujibu, "Naumwa hapa." Hata watoto wachanga wa wanadamu, mpaka miaka ya 1980, baadhi yao walipasuliwa kwa dawa ya kulegeza misuli na usingizi mwepesi tu, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba hawasikii maumivu kama wakubwa. Waliowadhania hivyo ndugu zetu wasiosema waliwadhania hivyo na watoto wao wenyewe.

Methali yasema kwamba asante ya punda ni mateke. Yawezekana. Lakini kiumbe asiye na ulimi wa maneno atasema kwa nini, kama si kwa mguu? Utakapomwona punda akipita katika njia za Tena na mzigo wake, au mbwa akirudi kutoka kwa daktari na mshono tumboni, kumbuka kwamba ilimchukua mwanadamu zaidi ya miaka 100, tangu etha ya Boston, kuuliza swali dogo: "Na kesho ataumwaje?" Wewe umekwisha kulisikia swali hilo ungali kijana. Usingoje miaka 100 kulijibu.